Mwaka Nilioufunga Msufi kwa Nyavu

Asubuhi ya kwanza nilipoyakuta maua chini nilidhani ni upepo. Asubuhi ya pili nikasema ni watoto. Ya tatu nikatazama juu, nikaona gome la tawi la chini limekwaruzwa kwa kucha, nikajua mwizi wangu ana mabawa.

Maua yenyewe yalikuwa yametapakaa uwanja mzima wa nyuma, meupe, mazito, yananata kwenye ndara, na nyuki wanayagombania. Wewe ungeona maua. Mimi niliona sufi inaoza. Kila ua lililolala pale kwangu lilikuwa tunda moja lisilozaliwa, na mwaka ule nilihitaji kila tunda.

Mimi ni fundi wa magodoro na mito, hapa kijijini Kanga. Shule nilikaa mpaka darasa la pili, baba akafariki, nikaanza kuokota sufi chini ya miti ya watu na kumpelekea mzee mmoja mshona mito. Huyo ndiye aliyenitia shazia mkononi, ile sindano nene ya kushonea magodoro, na sijaiweka chini mpaka leo. Nyumba yangu ya tofali, kisima chake na bati la juu, vyote vimepita kwenye tundu la shazia. Sikurithi hata kijiko. Nasema hivi si kwa majivuno tu, ingawa majivuno yamo. Nasema ili ieleweke kwa nini niliposema kitu watu walinifuata, hata pale nilipokuwa nimekosea.

Sasa jambo lenyewe. Katika ukoo wetu godoro la bibi harusi na mito yake minane hutoka kwa baba yake au kwa babu mzaa mama. Binti yangu alipoolewa, mimi fundi, nilimpa sponji ya dukani. Mwaka ule watu wa hoteli kule Utende walitaka mito, nikauza sufi yote, nikajiambia mtoto ni wangu, atanielewa. Sponji ile ilibonyea katikati kabla mtoto wao wa kwanza hajaanza kutambaa. Hakuna aliyenisema usoni. Wanawake walikuwa wakinipita kisimani wanaambiana, "Mganga hajigangi," kisha wananiamkia kwa adabu zote, "Shikamoo babu," na mimi naitikia marahaba huku nimemeza mwiba.

Kwa hiyo yule mtoto wa kwanza, msichana, alipokuja kuposwa, nilisimama mbele ya washenga nikasema mjukuu wangu atalalia sufi ya msufi wangu mwenyewe. Godoro moja na mito minane, vyote vimeshindiliwa vikashiba. Nikasema na mkono nimeuinua. Mzee akishasema mbele ya washenga hana pa kurudi.

Lakini msufi si mti wa kuamriwa. Wangu niliupanda mwaka niliochimba msingi wa nyumba. Upepo uliuvunja kichwa ungali mchanga, ukakasirika, ukaota kwa ubavu, matawi mapana, moja limevuka uzio limetanda juu ya jiko la jirani. Na hauzai kila mwaka. Kuna mwaka unapukutisha majani, unasimama uchi, halafu basi, unakutazama tu. Mwaka wa posa ulitoa tumba mpaka matawi yakawa kama yamepata ndui. Nikasema Alhamdulillahi. Kisha ndio wakaja popo.

Jirani huyo ni mtani wangu. Alikuja kisiwani na dago la wavuvi kutoka Kilwa, wenzake wakavunja kambi wakaondoka, yeye akaoa akabaki. Nilimwita aje auone uharibifu.

"Popo wanakula maua?" akaniuliza.

"Wanafanya nini basi? Jana usiku nimewamulika. Wametumbukiza nyuso humo ndani kama ng'ombe kwenye ndoo."

"Basi shukuru. Mimi wananilia mapapai. Wewe wanakulia manukato."

"Mimi wananilia mito minane, mpumbavu wewe."

Akacheka, akauzunguka msufi akiupima kwa macho. "Mtani," akasema, "kitu chenye mwili hakikushindi. Chenye mwili kinanaswa. Nina jarife langu bovu liko uani. Limezuia papa miaka yote, litashindwa na panya mwenye mwavuli?"

Hapo ndipo utakapoujua ujinga wetu. Mtu wa bara angefukiza moshi, au angekaa kimya akangoja. Sisi watu wa kisiwani dawa ya kila kitu ni wavu. Kuku wakitoka tunawazungushia wavu, mchicha ukiliwa tunaufunika kwa wavu, na mtoto akitambaa kuelekea kisimani tunaziba kwa wavu. Hatukujiuliza lolote. Vijana wawili wakapanda na kulitandaza jarife juu ya mti, na lilipoisha tukaungia vipande vya nyavu nyingine, mpaka msufi ukawa umevaa buibui. Ni lile tawi lililokwenda kwa mtani tu ambalo halikufikiwa. Nyavu zilikwisha, na yeye mwenyewe akasema la kwake liachwe, vijana wasije wakamtobolea bati la jiko.

Haikutosha. Nikasimamisha nguzo, nikafunga taa ya sola aliyoniletea mwanangu, ile kali inayomfanya paka afumbe macho. Na mimi mwenyewe, kwa umri huu, kila baada ya isha nakaa kitini chini ya mti nagonga debe. Majirani walilala vibaya wiki zile. Hakuna aliyethubutu kuniambia niache.

Wiki ya tatu, usiku, akanasa mmoja. Alikuwa mkubwa, bawa lake lingefunika mto, manyoya ya shingoni rangi ya kutu, uso kama wa mbwa mdogo. Alikuwa amejisokota kwenye matundu ya jarife, ananitazama. Nilimpiga kwa mchi. Sijisifu na siombi radhi. Nilikuwa na hasira na nilimwona mwizi. Ila nilipomshusha na kummulika, uso wote ulikuwa umejaa unga wa njano, puani, kidevuni, hadi kifuani, kama mtoto aliyeingia jikoni kuiba bizari. Nikamfungua mdomo. Hamkuwa na ua. Hamkuwa na hata kipande chake. Nikamzika mchangani, nikarudi kwenye debe langu. Macho yaliona, kichwa kikakataa.

Asubuhi maua yalikuwa chini vile vile.

Mke wangu alikuwa anafagia. Kuna wanawake wanajua kufagia kwa namna ya kusema.

"Jana umekamata wangapi?"

"Mmoja."

"Na haya yote kayaangusha marehemu?"

Nikalisukuma debe kwa mguu chini ya kiti.

"Mimi asumini yangu," akaendelea bila kuinua uso, "nisipoiwahi alasiri ikiwa tumba, magharibi inafunguka, usiku inanukia, asubuhi naikuta chini imegeuka rangi. Sijawahi kuigongea debe."

"Asumini ni asumini. Huu ni mti."

"Haya. Wewe ndiye fundi."

Neno hilo fundi lilinifuata mpaka adhuhuri. Alasiri nikachukua foronya mbili mpya, nikaegemeza ngazi, nikachagua vishada viwili vya tumba zilizovimba, zile ambazo ukiziona unajua kwamba leo ndiyo leo. Nikavivika foronya, kila kimoja yake, nikafunga mdomo kwa uzi wa godoro, fundo ambalo hata mimi kulifungua nahitaji wembe. Popo asingepita humo. Nondo asingepita. Hata jini angebisha hodi. Kisha nikakaa juu ya ngazi, na siku hiyo sikugonga debe.

Jua likazama, adhana ikaisha, na kwenye tawi lililo karibu na pua yangu tumba zikaanza kufunguka. Sikuhadithiwa, niliona. Tumba ilikuwa ngumu, ikalegea, ikakunjua kingo zake nje taratibu kama mtu anayekunja mikono ya kanzu atawadhe. Harufu ikatoka, na haikuwa nzuri, harufu ya maziwa yaliyolala. Ndani yake mlikuwa na maji mengi. Nilichovya kidole nikalamba, nikakuta matamu. Mti ambao mchana kutwa ulisimama kama uliokufa, sasa ndio kwanza ulikuwa unafungua duka.

Nimeishi na msufi ule tangu nikiwa kijana. Sufi yake naijua uzi kwa uzi, naweza kuishika nimefumba macho nikakwambia ni ya tawi la juu au la chini. Na sikuwa najua kwamba kazi yake inafanya usiku.

Asubuhi nikapanda kufungua foronya. Maua yote yalikuwa mle ndani, yameachia vikonyo yenyewe, yamelala mazima bila alama ya jino. Mke wangu alipita na ndoo, akatazama, hakusema kitu. Hiyo nayo ni heshima.

Lakini kujua kwamba popo haangushi maua si sawa na kujua anafanya nini. Hilo nilichelewa. Nilizivua nyavu kwa aibu zaidi kuliko kwa kuelewa, na wakati huo tumba zilikuwa zimeshakwisha. Taa nikaiacha iwake, nikasema itafukuza hata wezi. Nikangoja matunda.

Hayakuja. Nilizunguka chini ya mti mpaka shingo ikakaza. Tawi la kisimani, tupu. La katikati, matunda mawili matatu, tena yamedumaa. Vile vishada nilivyovivika foronya, vikonyo vitupu. Ndipo siku moja mtani akaniita kutoka jikoni kwake.

"Njoo utoe mizigo yako, mwenye mali! Bati langu litaanguka!"

Nikavuka uzio. Tawi lililotanda juu ya jiko lake lilikuwa limejaa matunda, yananing'inia kama samaki kwenye mtungo.

Mti ni ule ule, udongo ule ule, upepo ule ule. Tofauti ilikuwa moja tu: tawi hili halikuvikwa wavu, na taa yangu haikulifikia. Popo niliowafukuza kwangu walikuwa wanahamia huku. Nikamkumbuka yule mwenye bizari usoni. Ule unga alikuwa anautoa kwenye ua hili anaupeleka kwenye lile, nyumba kwa nyumba, na malipo yake ni yale maji matamu. Alikuwa mshenga. Na mimi mshenga nilimpiga kwa mchi.

Sufi ya tawi moja ilijaza mito miwili. Nikaenda kumwambia mjukuu wangu, ambaye alikuwa anakaa kwetu tangu amalize shule. Nilimkuta barazani anasuka ukili.

"Sufi haikutosha," nikamwambia. "Kosa ni langu. Niliwazuia popo, kumbe popo ndio wanaouzalisha mti."

Akaendelea kusuka. "Basi, babu, tununue sponji."

"Hapana."

"Siku hizi ziko ngumu, hazibonyei."

"Nimesema hapana. Tutangoja mwaka."

Ukili ukamponyoka. "Babu, ninaolewa mimi au linaolewa godoro?"

Swali zuri. Nikampa jibu nililokuwa nalo. "Mama yako nilimlaza juu ya sponji nikijua ninachofanya. Sitarudia. Ukitaka kwenda na ya dukani nenda, dua zangu utapata zote, lakini kulibeba sitalibeba."

Akalia, kisha akaninunia. Chai yangu ikawa inakuja haina sukari, siku baada ya siku, na mimi nikainywa hivyo hivyo nisimpe furaha ya kulalamika. Bahati nzuri bwana harusi naye bati za nyumba zilikuwa hazijatimia. Washenga wakakaa, pande zote mbili zikajificha nyuma ya bati, harusi ikasogezwa mpaka baada ya sufi ya mwaka unaofuata. Mmoja wao alinishika mkono mlangoni akaniambia kwa upole, "Mzee wangu, mwaka wa tatu hatutakuwa nao." Nikamwambia hatutauhitaji. Moyoni nilijua kwamba msufi ukipenda unaweza kunyamaza mwaka mzima, na hakuna wa kuushtaki.

Katika kungoja huko nilifanya kitu nilichokuwa nawacheka watu wakikifanya: nikawa natoka usiku kutazama tu. Nilikwenda pwani maji yakiwa yametoka, nikawaona kamba koche wanatembea nje ya mawe yao kama wenye mtaa, hao hao ambao mchana unawatafuta mashimoni mpaka macho yanauma. Nilikaa kwenye mikoko karibu na mlilana, ule mkoko unaosimama majini, nikaona maua yake yanafunguka gizani kama brashi ya kunyolea, na alfajiri nyuzi zake zote zinaelea majini, kazi imekwisha. Komba niliyezoea kumtukana kwa kilio chake cha mtoto, nilimmulika akaniangalia kwa yale macho kama visahani, kisha akaruka mnazi hadi mnazi bila kukosea kuti. Wote hawa nilikuwa nawajua kwa majina. Kwa kazi sikuwajua.

Watu huwasema vibaya viumbe wa usiku. Bundi ni mkosi, popo ni shetani, na chochote kinachotembea gizani ni mchawi au mwizi. Mimi nasema huo ni uvivu wetu wa kuuliza. Tunafunga milango, tunadhani na dunia imefunga. Hebu fikiri. Mchana kuna mwewe angani, kuna kunguru, kuna jua la kukausha maji ya ua kabla hayajaonjwa. Mwenye akili akachagua zamu isiyo na msongamano, na mti wenye akili ukampikia saa hiyo hiyo. Wao wanahitaji giza kama mimi ninavyohitaji mwanga kutunga uzi kwenye shazia. Ukiwawashia taa umewazimia. Hakuna uchawi hapo wala usiutafute.

Kipupwe cha mwaka wa pili majani yakapukutika. Kila asubuhi baada ya sala natazama matawi, naona matawi. Mjukuu naye alikuwa anatazama, akidhani simwoni. Ilifika mahali nikaanza kuuliza nauli ya kwenda Bweni kutafuta sufi ya miti ya watu, na hiyo ingekuwa nusu ya neno langu limekufa, maana nilisema msufi wangu. Kisha mke wangu akasimama uani asubuhi moja, mkono kiunoni.

"Fundi, mti wako umetoa chunjua."

Zilikuwa tumba. Hazikuwa nyingi kama za mwaka uliopita, ila zilikuwepo.

Siku ile ile nikaing'oa taa na nguzo yake. Debe nikampa mke wangu akachotee maji. Ikabaki shida moja, na shida hiyo niliifundisha mwenyewe. Mtani alikuwa amepanda mapapai safu nzima kando ya uzio wetu, ya kuuza hotelini Utende, na kwa kuwa alimwona fundi mzima akifanya vile, naye akatandaza nyavu na kufunga taa mbili kubwa kuliko yangu. Usiku mwanga wake ulikuwa unaumwagikia msufi wangu wote.

Tangu nilipomzika baba sikuwahi kumwomba mtu kitu. Nilivaa kanzu safi, nikavuka.

"Mtani, zima taa zako."

"Karibu kwanza. Kaa."

"Sikai. Zima taa, na nyavu uzitoe mpaka msufi umalize kuchanua."

Akanitazama, akamwita mkewe kwa sauti ya kusikika kijiji kizima. "Njoo usikie! Mwaka jana popo walikuwa majambazi, mwaka huu wamekuwa wakwe zake!"

"Sema umalize."

"Jarife langu limechanika kwenye miiba ya mti wako. Debe lako limenikesha mwezi mzima. Sasa niwaandalie na mapapai, wakwe wale? Si wewe fundi? Fundi hakosei, bwana!"

"Nilikosea," nikasema.

Nadhani alikuwa na mizaha mingine mitatu tayari mdomoni, ikamkwama. Miaka yote tuliyokaa jirani hakuwahi kunisikia nikilitamka neno lile, na hata masikio yangu hayakulizoea.

"Hotelini hawapokei papai lenye jino la popo," akasema, sasa kwa sauti ya kawaida. "Likitiwa jino ni la mbuzi. Nikizima taa, mimi nitakula nini?"

"Nitayavisha."

"Utayavisha nini?"

"Mifuko. Kila papai linaloanza kuchora njano litalala na mfuko wake. Nitashona mimi, nitayavisha mimi magharibi, na asubuhi nitayavua ili yapate jua."

"Yote?"

"Umewahi kuniona nikishona nusu ya godoro?"

Akazima taa na kukunja nyavu jioni ile. Nilikusanya viroba vya unga na vya mbolea, nikavifua, nikavikata, nikashona mifuko yenye kamba ya kukaza shingoni kama ya kikoba cha bibi. Kila jioni naburuta ngazi papai hadi papai. Magoti yalikuwa yanalia kama mlango. Mtani alikuwa anakaa kwenye kiti chake ananitazama kama mtu anayetazama mpira, akipaza sauti: "Fundi, yule wa mwisho hajapiga kifungo! Fundi, huyu anasema suruali inambana!" Siku ya tatu mjukuu wangu alikuja bila kuitwa, akashika ngazi. Siku ya nne akanipokonya mifuko, akapanda yeye. Kesho yake chai ilikuwa na sukari.

Popo wakaja. Kwanza wawili, wakazunguka juu kama wanaosoma barua, wakaondoka. Nilimwambia mke wangu labda wana kumbukumbu. Usiku uliofuata wakaja wengi kutoka kusini, mabawa yanavuma kama mashuka yanayokung'utwa, wakashuka kwenye matawi wanagombana, wanapiga kelele, wanatumbukiza nyuso. Tulikaa barazani gizani, taa zote tumezima hadi ya chooni. Mapapai mawili waliyapata, mifuko yake ilikuwa imefumuka mishono. Mtani alikuja nayo mlangoni kwangu asubuhi: "Wakwe zako wameanza kula mahari." Nikakaza mishono.

Maua yakawa yanaanguka kila asubuhi kama mvua, na mke wangu akiyafagia anaimba. Matunda yakashika. Kijani, yakanenepa, yakaanza kuwa hudhurungi. Na hapo mawingu ya vuli yakaanza kujijenga mapema kuliko ninavyopenda. Sufi ikilowa mtini imekwisha, inakuwa uji. Sikungoja yapasuke yenyewe. Nilipandisha watu mtini nikaangua yote kwa siku mbili, nikayaanika ndani, vyumbani, barazani, chini ya vitanda, na yakaanza kupasuka humo humo, tah, tah, usiku na mchana. Tulikula wali wenye sufi. Nyusi zangu zilizidi kuwa nyeupe. Mimi na mjukuu tulifunga vitambaa puani, tukaipiga sufi kwa fimbo mpaka mbegu zikaachia, na mvua ilipofika ilikuta mti mtupu.

Godoro kwanza. Nililishindilia kwa magoti, ngumi na kichwa. Halikuacha pengo. Kisha mito. Nikajaza mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne, sufi ikaisha. Na ile miwili ya mwaka uliopita, sita.

Mke wangu alisimama mlangoni. "Hiyo miwili weka sponji katikati, sufi iwe juu. Nani atajua?"

"Mimi."

Akaziokota foronya mbili tupu, akazikunja. Miaka mingi amelala na mimi, anajua wapi pa kuachia.

Wanawake wa upande wa bwana harusi walikuja kuchukua vyombo wakiwa na vigelegele vyao. Mkubwa wao, mama mtu mzima mwenye sauti, akalipiga godoro ngumi moja. Likamrudishia ngumi yake. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akahesabu mito. Akahesabu tena.

"Shikamoo babu. Tuliambiwa minane."

"Marahaba. Mti umetoa sita."

"Si mngejazia tu hata sponji?"

"Watakaolala ni wangapi?"

"Wawili."

"Basi minne ni ya ziada. Beba, mama, mvua inakuja."

Wakaangua kicheko wote, na mjukuu wangu ndani, ambaye siku hiyo hakutakiwa hata kuonesha meno, alicheka mpaka akakatazwa. Wakalibeba, wanne mbele, wanne nyuma. Mlangoni likakwama, maana lilikuwa nene kuliko mlango wangu. Wakaniuliza kama walibane kwa kamba. Nikawaambia msiliguse. Nikaenda ndani nikaleta nyundo, nikang'oa fremu.